Ushuru wa bunduki Marekani wategemea uaminifu wa mfuko wake

Tangu Julai 1, 2024, kila mwenye duka la silaha katika jimbo la California, Marekani, anatakiwa na sheria kuilipa serikali ya jimbo asilimia 11 ya mauzo yake ya rejareja ya bunduki, risasi na vipuri vinavyotumiwa kuundia bunduki.

Fedha hizo hazichanganywi na nyingine katika hazina kuu ya jimbo. Zimetengewa mfuko wake, na sheria imetaja kazi ya mfuko huo: kuzuia mauaji na majeraha ya bunduki kabla hayajatokea, na kuimarisha usalama wa wanafunzi shuleni.

Jimbo la Colorado limefuata nyayo. Mnamo Novemba 2024, wapigakura wa huko waliidhinisha ushuru wa asilimia 6.5, ambao ulianza kutozwa Aprili 1, 2025.

Mabishano yaliyozuka yamejikita zaidi katika kiwango. Wanaounga mkono wanasema asilimia 11 ni kidogo mno ikilinganishwa na gharama ya maziko, upasuaji na magereza. Wanaopinga wanasema hiyo ni adhabu kwa raia mwaminifu anayenunua silaha kihalali, ilhali mhalifu aliyeiba bunduki yake halipi hata senti moja.

Pande zote mbili zina hoja. Hata hivyo, historia ya ushuru huu, ambayo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani, yaonyesha kwamba umekuwa ukisimama au kuanguka kwa sababu nyingine kabisa: mahali fedha zinapokwenda zikishatozwa.

Risasi iliyomlinda kulungu

Serikali kuu ya Marekani imekuwa ikitoza ushuru wa bunduki na risasi tangu 1919, mara tu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kiwango cha sasa ni asilimia 10 kwa bastola, na asilimia 11 kwa bunduki nyinginezo na risasi. Hulipwa na kiwanda au mwagizaji, hivyo mnunuzi huukuta umo ndani ya bei tayari.

Mnamo 1937, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria iitwayo Pittman-Robertson, kwa majina ya seneta na mbunge walioidhamini. Sheria hiyo ilielekeza fedha za ushuru wa bunduki ndefu na risasi zitumiwe kuhifadhi wanyamapori na makao yao. Ushuru wa bastola uliongezwa katika mpango huo mnamo 1970.

Wakati sheria hiyo ilipopitishwa, wanyama wengi waliokuwa wakiwindwa walikuwa wamepungua vibaya. Wawindaji na wenye viwanda vya silaha hawakuupinga mpango huo, waliuunga mkono.

Sababu haikuwa kwamba watu hao walipenda kulipa ushuru kuliko watu wengine. Walijua fedha zao zingewarudia kwa sura ya msitu wenye kulungu na ziwa lenye bata.

Aidha, sheria iliweka sharti zito. Jimbo lililotaka mgao lilipaswa kwanza kupitisha sheria yake lenyewe ya kuzuia ada za leseni za uwindaji zisitumiwe kwa kazi nyingine yoyote isipokuwa ya idara yake ya wanyamapori. Asiyetii, hapati.

Kwa karibu miaka 90 mpango huo umedumu chini ya marais wa vyama vyote viwili. Katika mwaka wa fedha wa 2023 pekee, majimbo yaligawiwa zaidi ya dola bilioni moja.

Kwa hivyo, wazo la kutoza risasi ili kuponya madhara ya risasi si geni Marekani. Lililo geni ni kwamba safari hii anayekusudiwa kuponywa ni binadamu.

Na wanaohitaji kuponywa si wachache. Takwimu za taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, CDC, zaonyesha kwamba watu 48,830 waliuawa kwa bunduki nchini humo katika mwaka wa 2021, wakiwamo waliojiua. Hiyo ndiyo idadi kubwa zaidi kuwahi kurekodiwa. Kufikia 2023 idadi ilikuwa imeshuka hadi 46,728.

Nani hulipa gharama ya vifo hivyo, na ya majeruhi ambao huwazidi waliokufa? Si kiwanda, wala si duka. Hulipa hospitali za umma, manispaa, shule na familia. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa wanaolishwa ni hata wale ambao hawajawahi kushika bunduki maishani.

Somo la Chicago na Seattle

Kaunti ya Cook, ambamo mna jiji la Chicago, ilianza kutoza dola 25 kwa kila bunduki mnamo 2013. Mnamo 2016 iliongeza ushuru wa risasi, wa senti moja au tano kwa kila risasi kulingana na aina.

Wamiliki wa bunduki walikwenda mahakamani. Mnamo Oktoba 2021, Mahakama ya Juu ya Illinois iliamua kwamba ushuru huo ulikiuka katiba ya jimbo.

Msomaji huenda akadhani majaji walisema bunduki haziruhusiwi kutozwa ushuru. Sivyo. Mahakama ilikiri kwamba bunduki huiletea jamii gharama kubwa. Kosa lilikuwa katika matumizi. Fedha za ushuru wa bunduki zilikuwa zikiingia katika hazina ya jumla ya kaunti, na hata zile za risasi, ambazo zilipelekwa katika mfuko wa usalama wa umma, hazikufungamanishwa na kazi ya kupunguza mauaji ya bunduki.

Ikiwa kaunti ilidai kuwa inawatoza watu hawa peke yao kwa sababu ya madhara ya bidhaa yao, basi ilipaswa kuonyesha kwamba fedha hizo zinatibu madhara hayo. Haikuweza kuonyesha.

Mwezi uliofuata, kaunti iliirekebisha sheria yake na kuzielekeza fedha hizo katika kuzuia mauaji ya bunduki. Kilichobadilishwa ni mfuko.

Jiji la Seattle, katika jimbo la Washington, lilipata funzo la aina nyingine. Baraza la jiji lilipitisha ushuru wa dola 25 kwa kila bunduki na hadi senti tano kwa kila risasi, nao ukaanza kutozwa Januari 2016. Pakiti ya risasi 50 iliongezeka bei kwa dola 2.50. Mahakama ya Juu ya jimbo iliuidhinisha mnamo Agosti 2017.

Wakuu wa jiji walikuwa wamekadiria kukusanya kati ya dola 300,000 na 500,000 kwa mwaka. Katika mwaka wa kwanza zilipatikana takriban dola 104,000 tu. Duka moja lilihamia mji jirani wa Lynnwood, na mnunuzi naye hakuwa na safari ndefu ya kuukwepa ushuru huo.

Funzo ni bayana. Ushuru wa namna hii ukitozwa na mji mmoja, biashara huvuka barabara. Ndiyo maana California, lenye wakazi karibu milioni 39, na Colorado ni majaribio ya maana zaidi. Bado mtu anaweza kuvuka mpaka wa jimbo, lakini safari ni ndefu, na sheria za serikali kuu haziruhusu mkazi wa jimbo moja kununua bastola kwa mwenye duka wa jimbo jingine na kuondoka nayo papo hapo.

Hoja ya katiba

Wapinzani wana silaha nzito zaidi ya kisheria. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani hulinda haki ya raia kuwa na silaha. Mnamo Juni 2022, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka katika kesi ya Bruen kwamba sheria yoyote ya bunduki lazima iafikiane na desturi ya kihistoria ya taifa.

Kwa msingi huo, mnamo Julai 2024 vyama vya wamiliki wa bunduki, kikiwamo kile maarufu cha NRA, viliwasilisha kesi mjini San Diego kuupinga ushuru wa California. Hoja yao ni kwamba haki ya kikatiba haiwezi kugeuzwa kuwa bidhaa ya anasa.

Sisi tulio katika kazi ya magazeti hatupaswi kuipuuza hoja hiyo. Mnamo 1983, Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta sheria ya Minnesota iliyotoza ushuru maalumu wa karatasi na wino wa kuchapishia magazeti. Majaji walihofia kwamba serikali yenye uwezo wa kuwatoza wachapishaji peke yao ina uwezo wa kuwanyamazisha.

Je, mmiliki wa bunduki hawezi kusema vivyo hivyo?

Anaweza, ila kuna tofauti mbili. Kwanza, ushuru wa bunduki una historia ya zaidi ya miaka 100, na wenye viwanda wenyewe waliukubali ulipokuwa ukienda kwa kulungu. Pili, asilimia 11 si kiwango cha kumzuia mtu kununua. Bastola ya dola 600 huongezeka dola 66. Tena sheria ya California imewaondolea mzigo wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayafiki dola 5,000 kwa robo ya mwaka.

Lakini tofauti hizo hudumu tu iwapo nia ya ushuru ni kukusanya fedha za kazi iliyotajwa. Siku utakapopandishwa hadi uwe kizuizi, au fedha zake zitakapochotwa kufidia nakisi ya bajeti, utetezi wake utaporomoka wenyewe.

Fedha hizi hufanya nini

Sheria ya California yaelekeza dola milioni 75 za kwanza za kila mwaka katika mpango uitwao CalVIP, ambao hutoa ruzuku kwa miji na mashirika yanayozuia mauaji. Dola milioni 50 zinazofuata ni za usalama wa shule.

Kazi yenyewe ina mizizi ambayo msomaji wa Afrika Mashariki hatakosa kuitambua. Mmoja wa waasisi wake ni Dkt Gary Slutkin, mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza, ambaye katika miaka ya 1980 alipambana na kifua kikuu na kipindupindu katika kambi za wakimbizi nchini Somalia. Baadaye, akiwa na Shirika la Afya Duniani, alishiriki katika vita dhidi ya Ukimwi, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi alizohudumia.

Aliporejea Chicago aliona kwamba mauaji ya mitaani huenea kama maradhi: mmoja akipigwa risasi, nduguye hulipiza, na mtaa mzima ukaambukizwa. Katika kambi za Somalia, ujumbe wa afya uliaminiwa ulipoletwa na mtu wa jamii ile ile. Kwa hivyo, mnamo 2000 alianzisha mpango wa kuwaajiri wenyeji, wengine wao wakiwa wamewahi kuwa katika magenge, waende kuzima ugomvi kabla bunduki haijatolewa.

Hospitali nazo zimejiunga. Oakland, California, imekuwa na mpango tangu 1994 ambapo mshauri humkuta kijana aliyepigwa risasi akiwa angali kitandani, wakati rafiki zake wako nje wakipanga kisasi. Mantiki yake ni nyepesi: aliyepigwa risasi mara moja yuko hatarini zaidi ya mwingine kupigwa tena.

Tusidanganyane, matokeo ya mipango hii hayalingani. Utafiti wa mitaa kadhaa umeonyesha mauaji yakipungua. Wa mitaa mingine haukuona tofauti yoyote.

Oakland yenyewe ni kielelezo cha pande zote mbili. Mkakati uliofufuliwa huko mnamo 2012, ukiwaunganisha polisi, wachungaji na washauri, ulichunguzwa na watafiti ambao matokeo yao yalichapishwa 2019. Waligundua kwamba mauaji ya bunduki yalishuka kwa takriban asilimia 31. Kisha mkakati ukalegezwa, janga la Corona likaingia, na kuanzia 2021 hadi 2023 mauaji yakapita 100 kila mwaka.

Hii si kazi ya msimu mmoja. Mpatanishi huhitaji miaka kuaminiwa na vijana wa mtaa wake, na mshahara ukikatika miezi mitatu, imani hiyo huondoka naye. Mkono mtupu haulambwi.

Hapo ndipo hali ya sasa inapoupa ushuru huu uzito mpya. Mnamo Juni 2022, Kongresi ilikuwa imetenga dola milioni 250 kwa kazi ya aina hii kwa kipindi cha miaka mitano. Lakini mnamo Aprili 2025, Wizara ya Haki ilikatiza mamia ya ruzuku za usalama zilizokwisha kuidhinishwa, zenye thamani ya takriban dola milioni 800 kwa jumla. Mashirika yanayozuia mauaji mitaani yalikuwa miongoni mwa waliopoteza.

Kana kwamba hilo halitoshi, sheria ya bajeti iliyotiwa saini na Rais Donald Trump Julai 4, 2025 ilifuta, kuanzia Januari 2026, ushuru wa dola 200 wa vinyamazisha sauti na bunduki zilizofupishwa mtutu, uliokuwapo tangu 1934. Washington inarudi nyuma wakati majimbo mawili yanasonga mbele.

Mipaka ya ushuru huu

Wanaoutetea ushuru huu hawana budi kukubali udhaifu wake.

Kwanza, hutozwa kwa silaha zinazouzwa sasa, ilhali shirika la Small Arms Survey lilikadiria mnamo 2018 kwamba Wamarekani walikuwa tayari na bunduki karibu milioni 393 majumbani. Ushuru hauzigusi, isipokuwa kupitia risasi, ambazo kila bunduki huzihitaji.

Pili, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini humo ni vya watu waliojiua. Katika 2023 walizidi 27,000, wakati waliouawa na wengine hawakufika 18,000. Mpatanishi wa magenge hawezi kumfikia mzee mpweke wa kijijini mwenye bastola kabatini. Katika hili Colorado imeona mbali zaidi: baada ya dola milioni 30 za kuwasaidia waathiriwa wa uhalifu, sheria yake inatenga dola milioni 5 kwa afya ya akili ya wanajeshi wa zamani na milioni 3 kwa ya vijana.

Tatu, kuna mgongano ndani ya ushuru wenyewe. Mauzo yakishuka, mfuko hukauka. Mfuko ukishiba, maana yake bunduki zimeuzwa kwa wingi. California iliyaona hayo katika sigara. Mnamo 1988 wapigakura wake waliongeza senti 25 kwa kila pakiti, sehemu ya fedha ikaenda kwa kampeni ya kuwaachisha watu kuvuta. Kampeni ilifaulu, na kadiri wavutaji walivyopungua ndivyo mapato yalivyopungua.

Katika sigara hilo lilikuwa jambo la kufurahisha. Katika bunduki si hivyo moja kwa moja, kwa kuwa silaha iliyonunuliwa leo huweza kuua miaka 30 ijayo, wakati ushuru wake ulikwisha kutumika zamani. Kwa hivyo, ushuru huu hauwezi kuwa chemchemi ya pekee ya kazi hii. Serikali inayoufanya kisingizio cha kuondoa mgao wake wa kawaida itakuwa imetoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine.

Mkenya na Sh25 za lita

Haitafaa Mkenya kuiga ushuru huu kama ulivyo. Hapa bunduki si haki ya katiba bali ni idhini ya leseni, na silaha zinazotuua hazipiti dukani. Bunduki 5,250 zilizoteketezwa Ngong mnamo Novemba 2016 zilikuwa haramu, na silaha haramu haina risiti ya kutozwa asilimia.

Lakini swali la mfuko tunalijua vyema. Kila mwenye gari hulipa Sh25 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya matengenezo ya barabara, kutoka Sh18 kabla ya Julai 2024. Mnamo 2025, serikali iliweka dhamana Sh7 kati ya hizo ili kupata fedha za kuwalipa wanakandarasi malimbikizo ya madeni. Huenda wanakandarasi walistahili. Hata hivyo, dereva anayekwepa mashimo anajiuliza ni lini shilingi zake zitaifikia barabara yake.

Wakazi wa California na Colorado watajiuliza vivyo hivyo, na wana haki ya kujibiwa. Kila mwaka waonyeshwe ni kiasi gani kilikusanywa, kilikwenda mtaa gani, na mazishi yalipungua au hayakupungua. Mwindaji wa 1937 aliridhika kwa kuwa alimwona kulungu. Mmiliki wa bunduki wa leo hatapenda kulipa hata akionyeshwa, lakini angalau hataweza kusema kwamba ameibiwa. Na mama wa Oakland au Denver, ambaye ndiye mwenye deni hasa, atajua kama serikali ilitoza kwa ajili ya mwanawe au kwa ajili ya bajeti yake.